Uzamili wa elimu ya afya pamoja na unasihi wa uraibu: nichunguze nini kabla ya kuomba?

Mwombaji_Uzamili

Wakuu, salaam. Nina shahada ya kwanza ya uuguzi na nataka kusoma uzamili unaounganisha elimu ya afya na unasihi wa watu wenye uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Nimepata programu mbili. Ya kwanza ni ya elimu ya afya, ina kozi tatu za unasihi za kuchagua. Ya pili inaitwa moja kwa moja "elimu ya afya na unasihi wa uraibu", miaka miwili, nusu yake inasomwa kwa mtandao.

Naomba kujua: nitatambuaje programu itakayoniwezesha kweli kukaa na mteja na kumsaidia? Mafunzo kwa vitendo yawe saa ngapi? Na kwa upande wa tasnifu, niandae nini mapema? Karibuni wenye uzoefu.

Msimamizi_wa_Wanasihi

Karibu sana. Usiangalie jina la programu, jina halikupi stadi. Hizi ni kazi mbili tofauti zilizowekwa chini ya paa moja. Mwelimishaji wa afya anafanya kazi na kundi: anachunguza tatizo la jamii, anapanga afua, anaitekeleza na kuitathmini. Mnasihi anafanya kazi na mtu mmoja aliyekaa mbele yake, au na familia yake. Programu nyingi zinafundisha vizuri moja kati ya hizo mbili, ile nyingine zinaigusa tu.

Kwa unasihi, swali la kwanza kumuuliza mratibu wa kozi ni saa za vitendo zinazosimamiwa. Kama unataka kigezo cha kulinganishia, CACREP, chombo cha Marekani kinachothibitisha ubora wa programu za unasihi, kinadai saa 100 za mazoezi ya awali, 40 kati yake ukiwa na wateja ana kwa ana, kisha saa 600 za mafunzo kazini, 240 kati yake zikiwa za kukutana na wateja. Si lazima programu yako ifuate chombo hicho, lakini ikikwambia "wiki sita kituoni" bila kutaja saa za kukaa na wateja, shtuka. Wiki sita zinaweza kuisha ukijaza mafaili, ukihudhuria vikao na ukitoa mihadhara kwenye foleni ya wagonjwa. Omba uoneshwe fomu ya kurekodi saa. Kama haina safu ya kutenganisha saa za wateja na saa za kazi nyingine, hakuna anayezihesabu.

Swali la pili: nani anasikiliza kazi yako? Usimamizi mzuri ni angalau saa moja kila wiki na msimamizi, na msimamizi huyo asikilize rekodi ya sauti ya mazungumzo (kwa ridhaa ya mteja). Akitegemea unavyosimulia wewe, atasikia ulichokusudia kufanya. Ulichokifanya hasa kitampita.

Mfano mdogo. Mteja anasema: "Najua pombe inaniharibia, lakini nikikaa na wenzangu siwezi kukataa." Mwanafunzi anajibu: "Sasa kwa nini usiachane na hao marafiki?" Papo hapo mteja anaanza kuwatetea marafiki, na akishawatetea ameshaitetea na pombe. Jibu la mtu aliyefundishwa mahojiano ya kuhamasisha, njia iliyoasisiwa na William Miller na kuendelezwa na Stephen Rollnick, lingekuwa kama hivi: "Madhara umeshayaona mwenyewe. Pagumu ni pale unapokuwa na wenzako." Hapo hajauliza kitu, na mteja ataendelea mwenyewe kueleza ugumu ulipo. Kipimo cha MITI kinachotumika kutathmini mazungumzo haya huchukua kipande cha dakika 20 na kuhesabu: tafakari moja (kauli inayomrudishia mteja alichosema, kama ile ya juu) kwa kila swali ni kiwango cha kupita, mbili kwa kila swali ni kiwango kizuri. Wanafunzi wengi huanza na maswali matatu au manne kwa kila tafakari, na hawajui mpaka wasikilize rekodi yao. Programu isiyo na rekodi wala uhesabuji wa aina hii itakufundisha kuongea kuhusu unasihi tu.

Nesi_wa_Methadoni

Naongezea upande wa tiba, maana hapo ndipo mtu anaweza kufa. Angalia mtaala kama una kozi nzima ya famakolojia ya vilevi. Muhadhara mmoja hautoshi. Mnasihi haandiki dawa, lakini lazima ajue nani asibaki kwenye kiti cha unasihi, apelekwe hospitali sasa hivi.

Arosto ya pombe na arosto ya heroini hazifanani. Kwa mnywaji mzito aliyekata ghafla, degedege linaweza kutokea kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho, na kuchanganyikiwa kukali kunakoambatana na homa na kutetemeka huja mara nyingi kati ya saa 48 na 96. Hiyo inaua. Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu nazo zikikatwa ghafla huleta degedege. Arosto ya heroini inatesa, lakini kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine ni nadra kuua, isipokuwa kutapika na kuharisha vikimkausha maji bila msaada. Heroini inaua zaidi baadaye: mwili ukishapoteza uzoea, mtu akirudia kipimo chake cha zamani pumzi inakata. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani au nyumba ya upataji nafuu ni za hatari kubwa, na mnasihi anapaswa kulizungumza hilo na mteja kabla hajatoka, pamoja na familia kujua matumizi ya naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini. Wajue pia kwamba naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, hivyo mtu aliyezinduka anaweza kuzama tena.

Jambo jingine la kuchunguza: wahadhiri wanaizungumziaje methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini? Methadoni na mwenzake buprenofini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Programu inayofundisha kwamba mtu aliye kwenye methadoni "bado hajaacha" itakuzalishia tabia ya kuwasukuma wateja waache dawa inayowaweka hai.

Na vipimo vya uchunguzi. AUDIT, dodoso la kupima unywaji wa pombe, ina maswali 10, alama 0 hadi 40. Kuanzia 8 kuna unywaji hatarishi, na 20 au zaidi mpeleke kwa uchunguzi wa kitaalamu. Inaonekana rahisi, lakini wanafunzi huharibu swali la pili, la idadi ya vinywaji. Kinywaji kimoja hapo ni gramu 10 za kilevi halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vinywaji viwili. Mteja akisema "huwa nakunywa chupa tatu", mwanafunzi anaandika 3 na kumpa alama 1. Sahihi ni vinywaji 6, alama 2. Na swali la tatu, linalouliza ni mara ngapi anakunywa sita au zaidi kwa wakati mmoja, ataliandika "kamwe" wakati jibu ni kila anapokunywa. Makosa mawili kama hayo yanatosha kumshusha mtu chini ya 8 na kumrudisha nyumbani bila huduma.

Kinga_Kwanza

Wenzangu wameegemea upande wa unasihi, mimi niseme kuhusu elimu ya afya. Mtihani wangu kwa programu yoyote ni huu: inafundisha nini kuhusu kinga isiyofanya kazi? Viwango vya kimataifa vya kinga vya UNODC (ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu) na Shirika la Afya Duniani, toleo la pili la 2018, vinataja wazi mambo yanayohusishwa na matokeo mabovu au kutokuwepo matokeo kabisa mashuleni: mihadhara ya upande mmoja, kutisha watoto, kutoa taarifa peke yake, na kuwaita waliowahi kutumia dawa waje kutoa ushuhuda. Haya ndiyo yanayofanywa zaidi. Kama mazoezi ya kozi ni kuandaa bango lenye picha ya sindano na fuvu la kichwa, hapo elimu ya afya haifundishwi.

Unataka kozi inayokuchukua kwenye upangaji kamili, kwa mfano kielelezo cha PRECEDE-PROCEED cha Lawrence Green. Kinakulazimisha kutenganisha mambo matatu: yanayomwelekeza mtu kwenye tabia (imani, mtazamo), yanayomwezesha (upatikanaji, stadi, huduma) na yanayoimarisha tabia hiyo (wenzake, familia, malipo). Wapangaji wengi huishia kwenye la kwanza, wanatoa elimu, halafu wanapima maarifa kabla na baada. Maarifa yatapanda, karibu kila mara. Unywaji unabaki vilevile, kwa sababu hawakugusa mengine mawili.

Mwombaji_Uzamili

Asanteni sana, hili la saa za wateja sikuwa nimelifikiria kabisa. Nimeangalia tena programu ya kwanza, haitaji saa zozote. Ya pili inasema saa 500, lakini sehemu ya mtandao inanitia shaka. Na kwa tasnifu nimewaza kuchunguza kurejea matumizi kwa watu waliotoka kwenye matibabu, sampuli ya 384. Hii iko sawa?

Takwimu_na_Maadili

Hiyo 384 inatoka kwenye kanuni ya uwiano: 1.96 kwa kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 kwa kipeo cha pili. Inafaa pale tu unapochagua watu kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili. Je, una orodha ya wote waliotoka kwenye matibabu? Kama unayo, ongeza watakaokataa au kutopatikana: kwa asilimia 10, gawanya 384 kwa 0.9 upate 427. Lakini kwa kundi hili wasiopatikana ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuwa wamerejea matumizi, kwa hiyo kuongeza idadi hakuondoi upendeleo. Panga namna ya kuwafuatilia tangu siku wanaporuhusiwa: namba mbili za simu za watu wanaowaamini, walizotoa wenyewe kwa ridhaa.

Kama huna orodha, utaishia kwenye sampuli ya mnyororo, mmoja anamleta mwenzake. Hapo usiandike 384 ukajifanya ni bahati nasibu, watahini wataikamata mara moja. Kuna njia iliyopangwa vizuri ya aina hiyo, ya mwanasosholojia Heckathorn, 1997: kila mhojiwa anapewa kuponi chache, mara nyingi tatu, unarekodi nani kamleta nani na anawafahamu watumiaji wangapi, kisha uchambuzi unarekebishwa kwa uzito. Sampuli yake lazima iwe kubwa zaidi, na ni kawaida kuizidisha mara mbili kwa kuanzia. Kwa uzamili wa miaka miwili na mwanafunzi mmoja, ningekushauri uchague swali dogo, au utafiti wa kimaelezo wenye mahojiano ya kina.

Kabla ya yote, kamati ya maadili. Andiko la aina hii hurudishwa kwa sababu zilezile: hakuna maelezo ya namna utakavyojua kwamba mhojiwa hajalewa wala hayuko kwenye arosto anapotoa ridhaa, saini kwenye fomu ndiyo alama pekee inayomtambulisha mhojiwa (omba ridhaa ya mdomo yenye shahidi), na anayewaalika washiriki ni muuguzi yuleyule anayewapa dozi, jambo linalowafanya waogope kukataa. La mwisho linakuhusu kwa kuwa wewe ni muuguzi. Mtu asiyehusika na huduma yao ndiye awaalike.

Msimamizi_wa_Wanasihi

Kuhusu mtandao: nadharia, takwimu na upangaji vinasomeka vizuri tu kwa mtandao. Stadi za unasihi zinahitaji mazoezi ya moja kwa moja, wawili wawili au watatu, mwalimu akiwa anaona. Waulize vikundi vya mazoezi vina watu wangapi, vinakutana mara ngapi, na je, rekodi za wateja zinatumwa kwa njia gani kwa msimamizi. Wakijibu "kwa WhatsApp", siri ya mteja haina ulinzi hapo.

Na zile saa 500, waandikie leo: ngapi kati yake ni za kukaa na mteja, na nani kituoni amefundishwa kusimamia? Majibu wakupe kwa maandishi, kabla hujalipa ada ya maombi.