Gitaa la bei chee ambalo sasa hivi bei imepaa, wewe unalo lipi?

kamba_ya_tatu

Wakuu habari za humu. Nina Squier '51 (Squier ni jina la bei nafuu la kampuni ya Fender) nililonunua jipya 2006 wakati wanamalizia stoki, lilikuwa bei ya kutupa yaani hata kesi niliyolitafutia baadaye ilikaribia bei ya gitaa lenyewe. Sikulichagua kwa ujuzi wowote, pesa iliyokuwepo mfukoni ilitosha hilo tu basi. Kwa wasiolijua, bodi yake ni ya umbo la Stratocaster, shingo ni ya Telecaster, yote mawili magitaa maarufu ya Fender, kwenye briji (pale nyuzi zinapoishia kwenye bodi) kuna humbaka, yaani pikapu au kinasa sauti cha nyuzi chenye koili mbili, na kule karibu na shingo kuna singo koili, pikapu ya koili moja, imelala mshazari, halafu vitufe viwili tu, kimoja unazungusha kuchagua pikapu na kingine cha volyumu ambacho ukikivuta juu humbaka inafanya kazi nusu. Ni kama fundi aliokota mabaki ya magitaa matatu kiwandani akayaunga. Washkaji walinicheka sana wakati ule.

Juzi napitia matangazo ya mitumba naona mtu anauza kama langu kwa mara tatu ya hela niliyotoa mimi, na la kwake lina mikwaruzo kila mahali!! Nikabaki nashangaa. Sasa nauliza, nani mwingine ana gitaa alilonunua kwa hela ndogo tu ya kujifunzia halafu likageuka mali? Na nini hasa kinapandisha? Na niuze au nitulie? Halafu nikiri kabisa mapema kwamba langu nilibadilisha humbaka kama miaka kumi iliyopita, sijui kama nimeshajiharibia.

mzee_wa_ampu

Hongera kijana. Mimi langu ni Squier pia ila la zamani zaidi, lile ambalo namba yake inaanza na JV, limetengenezwa Japani na kiwanda cha FujiGen. Nililipata mkononi kwa mtu aliyekuwa anahama na anataka kupunguza mizigo, akaniambia chukua hiki kigitaa cha mwanangu. Kigitaa!

Ngoja nikupe stori yake kidogo maana ndiyo inajibu swali lako la kinachopandisha. Kabla ya 1982 jina Squier lilijulikana zaidi kwa nyuzi, Fender walishainunua kampuni hiyo ya nyuzi tangu 1965. Sasa mwishoni mwa miaka ya 70 Fender wako chini ya CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, magitaa yao yamekuwa mazito na watu wanalalamika, huku Wajapani kama Tokai na Greco wanatengeneza kopi za Stratocaster za mtindo wa miaka ya 50 na 60 ambazo mpigaji akizishika anaona hizi ni bora kuliko orijino za mwaka huo. Fender wakaona dawa ya moto ni moto, 1982 wakaanzisha Fender Japan, na magitaa yaliyotoka huko kwa ajili ya soko la nje wakayapa jina la Squier. Kwa hiyo wale jamaa walitengeneza kitu cha kiwango cha juu kwa bei ya mwanafunzi, kwa sababu walikuwa kwenye vita. Ilichukua dunia miaka mingi kustuka. Bei ilikuwa imefuata jina lililoandikwa kichwani, haikufuata mbao.

Nilifungua skrubu nne za shingo siku moja nione ndani. Ule mfuko wa shingo, yaani tundu la bodi shingo inapokaa, umebana kiasi kwamba bodi ilinyanyuka pamoja na shingo hata baada ya skrubu kutoka zote, ikabidi niitikise taratibu kama jino la mtoto. Leo kuna magitaa ya bei kubwa unaweza kupitisha kadi ya benki kwenye huo upenyo.

Kuhusu kuuza, subiri wengine waje.

freti21

Mzee umeongea. Ila naomba nitie mchanga kidogo kwenye huu mchele 😂

Bro kamba, ile bei uliyoiona kwenye tangazo ni bei ANAYOTAKA, siyo bei aliyopata. Mtu anaweza kuandika hata mara kumi, tangazo likakaa miezi nane pale linaota ukungu. Angalia yaliyouzwa. Reverb, ule mtandao wa kuuzia vyombo vya muziki, wana sehemu ya kuonyesha bei ambazo watu walilipa kweli, pitia huko modeli yako halafu urudi hapa tuone kama bado ni mara tatu.

Pili piga hesabu. Kitu kikipanda mara mbili ndani ya miaka 20 hiyo ni kama asilimia 3.5 tu kwa mwaka, na hapo hujatoa mfumuko wa bei. Mara tatu kwa miaka 20 ni kama asilimia 5 na nusu, sawa siyo mbaya, ila toa kesi, toa nyuzi za miaka yote hiyo, toa fundi aliyesawazisha freti (vile vyuma vidogo kwenye shingo), toa makato ya mtandao wa kuuzia, toa usafirishaji maana gitaa halitumwi kwenye bahasha. Kinachobaki unaweza kununua seti chache za nyuzi 😅

Mimi nilifanya hilo kosa la kununua gitaa ili lipande. Ilikuwa 2021 kila mtu kafungiwa ndani kwa korona anajifunza gitaa, bosi wa Fender mwenyewe alishasema 2020 ndio mwaka wao wa mauzo makubwa kuliko yote, viwanda vimefungwa vimefunguliwa, kontena hazifiki, mitumba ikapaa. Mimi nikaona hii ndiyo treni nikarukia. Watu walivyorudi makazini wengi waliojifunza wakaacha, magitaa yakarudi sokoni kwa mafungu, na mimi ninalo hapa ukutani linanitazama. Silipendi hata. Lina shingo nene kama mpini wa jembe.

Dada_Koda

freti21 umenichekesha na mpini wa jembe. Ila sio vyote hesabu jamani.

Mimi nawaletea gitaa kavu, lisilotumia umeme, maana naona humu mnaongelea umeme tu. Yamaha FG-180, yale yenye lebo nyekundu ndani ya tundu, zilianza kutoka 1966 Japani, kampuni bado inaitwa Nippon Gakki. Uso wake ni mbao za kubandika tabaka kwa tabaka yaani plaiwudi, sio mbao moja nzima, na kwa vitabu vyote gitaa kavu la plaiwudi halipaswi kuwa na thamani. Lakini limekauka vizuri hilo, lina sauti imekaa mahali pake. Ndugu yake mdogo FG-150 ndio mwanamuziki Country Joe McDonald alipiga nalo kwenye tamasha la Woodstock 1969. La kwangu nilinunua kwa hela ya maandazi kwa sababu muuzaji hakujua ni nini na mimi pia sikujua, nilipenda tu harufu ya ndani, kama kabati la nguo za bibi. Miaka mitano baadaye naanza kuona watu wanayasaka na bei inaenda juu kila nikiangalia.

Tahadhari moja tu, na hii nimeilipia: pembe ya shingo. Kwa miaka yote hiyo nyuzi zinavuta, shingo inainama mbele, nyuzi zinakaa juu mpaka vidole vinalia. Kwenye magitaa mengine fundi anaivua shingo na kuirudisha kwa pembe sahihi, ila kwenye haya ya Yamaha ya zamani kuivua ni shughuli pevu, mafundi wengine wanakataa kabisa, na anayekubali anataka hela kuliko uliyonunulia gitaa. Kwa hiyo ukiona mtu anauza "lebo nyekundu" bei nzuri, muulize urefu wa nyuzi pale freti ya 12, aweke rula na picha. Akikwepa, na wewe kimbia.

mzee_wa_ampu

Dada Koda hilo la rula ni dhahabu.

Niongeze kitu kimoja kuhusu wanamuziki maana hatujakigusa. Jazzmaster lilipotoka 1958 lilikuwa ndilo la juu kabisa kwa Fender, wakidhani wapigaji wa jazi watalinunua, jazi wakalipuuza. Jaguar likafuata 1962. Kufika miaka ya 70 na 80 yakawa yanaozea kwenye maduka ya vitu vya rehani, hakuna anayeyataka, ndio vijana wa bendi ambao hawana hela ya Stratocaster la zamani wakayachukua. Sonic Youth, J Mascis wa Dinosaur Jr, baadaye Kurt Cobain wa Nirvana na Jaguar lake la 1965 na Mustang, gitaa jingine la Fender. Baada ya hapo kila mtu analitaka gitaa la shujaa wake, na wale waliolichagua kwa ajili ya umaskini ndio waliopandisha bei mpaka maskini mwenzao hawezi kulinunua tena. Nilikuwepo, nililikataa Jaguar moja kwa sababu ya ile briji inayotikisika na nyuzi zinaruka ukipiga kwa nguvu. Sipendi kulizungumzia.

pikapu_moto

Umenikumbusha wakuu, mtu asije akanaswa na lile neno "lawsuit", yaani kesi ya mahakamani. Kila kopi ya Kijapani ya miaka ya 70 siku hizi inauzwa kwa jina hilo eti ilishtakiwa mahakamani. Kesi yenyewe ni moja, 1977, Norlin ambao ndio walikuwa na Gibson waliwashtaki Elger, watu wa Ibanez (magitaa ya Kijapani) kule Marekani, na ugomvi ulikuwa umbo la kichwa cha gitaa, ambalo Ibanez walishaanza kulibadilisha kabla. Tokai hawamo humo, Greco hawamo, Burny hawamo. Ni magitaa mazuri lakini muuzaji anakuchaji hekaya.

Langu mimi ni Peavey T-60. Lilitoka 1978, limetengenezwa Marekani tena kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta wakati wengine bado wanategemea zaidi mikono ya mafundi, ndio maana lilikuwa rahisi. Zito kama jiwe la kusagia, sura mbaya, nembo ile kama ya bendi ya metali. Kwa miaka na miaka hakuna anayelitaka. Sasa wanalitaka. Sijui niseme nini, mimi mgongo unauma tu.

@kamba kuhusu kubadilisha pikapu, hujajiharibia kama zile za zamani unazo. UNAZO? Rangi ikipigwa upya ndio janga, kwa gitaa la zamani watu wanakata karibu nusu ya thamani, na kichwa kilichovunjika kikagandishwa hivyo hivyo. Pikapu inarudi.

kamba_ya_tatu

Asanteni sana wakuu nimesoma zote mara mbili.

freti21 ulikuwa sahihi, nimeangalia yaliyouzwa, sio mara tatu, ni kama mara mbili kwenda juu kidogo, na yale yaliyofika huko ni ambayo hayajaguswa kitu. Nilijisikia tajiri siku mbili tu 😂 Ila nimeshangaa pia nilipojua kumbe 2011 Fender wenyewe walichukua umbo hili hili wakalitoa kwa jina la Fender kwenye mfululizo wa Pawn Shop. Yaani gitaa nililochekewa walikuja kulivalisha suti.

@pikapu_moto umenitoa usingizini, nikapanda juu ya kabati saa tano usiku. Nilikuwa nina kopo la biskuti ninaloweka vitu vya gitaa. Humbaka ya kwanza imo!! Imefungwa kwenye soksi ya mtoto, na skrubu zake mbili na springi moja, ya pili sijui iko wapi. Tatizo, wakati ule nilikuwa sijui kutumia solda, nikakata waya na mkasi karibu kabisa na pikapu, imebaki kama urefu wa ukucha. Na rangi za waya zimepauka siwezi kujua ipi ni ipi.

Kuuza bado sijaamua. Mwanangu wa kike ameanza kulishika shika, juzi nimemkuta anavuta kile kitufe cha volyumu juu chini juu chini kusikiliza sauti inavyobadilika, akaniuliza "baba kwa nini lina sauti mbili". Ila hata kama siuzi nataka ile humbaka irudi. Huo waya inakuwaje?

pikapu_moto

Ukucha unatosha, usihangaike. Usikate tena hata milimita. Chuna plastiki ya nje taratibu kwa wembe, usitumie meno, unga waya mpya wa unene uleule, kila kiungo kivalishe kimpira kinachonywea kwa joto kabla hujatia solda maana ukisahau hakiingii tena. Kuhusu rangi, chukua mita ya umeme weka kwenye ohmu, tafuta jozi mbili za waya ambazo zinasoma, kila jozi ni koili moja. Ile isiyosoma na yoyote ni ya ethi. Piga picha tupia hapa kabla hujaunga chochote.

Na hiyo springi ya pili ukikosa, ya kalamu inakaa.

freti21

Mkuu kuna anayetaka gitaa lenye shingo nene? Namuuzia kwa hasara.