FUNDI YULE YULE KANISOMEA IMEILI YA BENKI MBELE YA FOLENI, TENA AKATAFSIRI!!!

MamaMchele_Busia

Jamani natetemeka hapa, mtanisamehe herufi zikiruka, na kioo chenyewe kipya kinagoma kwenye "a".

Yule fundi simu wa karibu na wachoma rolex, zile chapati za mayai. Jina la nini? Nusu ya simu za Busia yetu ya Uganda zimepita mikononi mwake. Leo saa tisa naenda kuchukua simu yangu, namkuta ANAISOMA IMEILI YANGU KUTOKA BENKI. Kwa sauti kama mtangazaji wa mpira! Folenini watu elfu mbili na kuku wao.

"Tunasikitika kukujulisha kuwa ombi lako la mkopo halikukubaliwa." Na barua ilikuja kwa Kiingereza, sikilizeni vizuri. Aliisoma yote kwa Kiingereza, akainua macho, akaona wengine hawajashika, AKAWATAFSIRIA. Kijana wa boda akauliza, "Mkopo wa ngapi?" Naye badala ya kunyamaza akashusha kidole kutafuta kiasi!

Asubuhi nilipomwachia aliniomba mchoro wa kufungulia. Nikampa. Akachora zile nukta tisa na mstari wake kwenye karatasi, akaibandika mgongoni mwa simu kwa selotepu. Mezani simu sita, kila moja imebeba siri yake mgongoni, hata mwenye kuuza karanga anazisoma. Eti lazima ajaribu kama kioo kinashika. Kioo kinajaribiwa kwa kupiga namba, kufungua kamera, kuandika neno moja, basi. Nani alimtuma benki?

Imeili kwenye simu ukishaingia mara moja haikuulizi tena. Na mtu akibonyeza "nimesahau nywila" kule benki, kiungo kinaletwa kwenye imeili ile ile, na zile namba sita za uthibitisho zinaingia kwenye laini iliyokuwa ndani ya simu ile ile. Kufuli na ufunguo alikaa navyo tangu saa mbili asubuhi! Hela zangu nimeziangalia, zipo. Lakini alitafsiri, jamani. Mkwe wangu alikuwepo pale. Alisikia kwa lugha mbili.

Nilipomkabili akanijibu, "Mama, mbona hasira, mimi nilikuwa nakuonea huruma." Na 70,000 zangu akachukua.

---

Dereva_Tororo

Pole sana mama. Sasa ulikuwa umeomba ngapi?

---

MamaMchele_Busia

Na wewe ulikuwa folenini??

---

Laini_Mbili

Mama, kosa umelianza mwenyewe. Simu haiendi kwa fundi na laini ndani, wala na memori kadi. Sindano moja, sekunde kumi, vyote vimetoka. Kabla ya hapo unatoka kwenye imeili na kwenye programu ya benki. Samsung nyingi zina hali ya matengenezo tangu 2022: ukiiwasha fundi anaona simu tupu, hakuna picha, hakuna ujumbe, na haiwezi kuzimwa bila kufuli lako. Pixel, simu za Google, nazo wameiweka mwishoni mwa 2023.

---

MamaMchele_Busia

Yangu Tecno. Na ilikuwa imepasuka, haikubali kuguswa, ningetokaje kwenye imeili? Mnamtetea mtu aliyetafsiri!

---

BiMkubwa_Malaba

Hatumtetei, dada. Ila hiyo laini uiwekee PIN yake yenyewe, mbali na ile ya pesa. Mimi simu yangu iliibwa sokoni, nikajisifu imefungwa. Mwizi hakuifungua hata. Alichomoa laini, akaiweka kwenye katochi, simu ndogo ya vitufe, namba za uthibitisho zote zikawa zinaingia kwake. Na ukifika nyumbani zima ujumbe usionekane kwenye kioo simu ikiwa imefungwa. Zile namba sita zinasomeka juu kabisa bila kufungua chochote.

---

Mzee_wa_Arua

Mama, shukuru wewe umesomewa barua tu. Mwanangu kaweka VPN ya bure, ile programu ya kupitia mlango wa nyuma mtandaoni, kwa ajili ya Facebook, maana tangu serikali ilipoifunga Januari 2021 vijana hawawezi kukaa. Sasa matangazo ya aibu yanaruka kwenye simu, juzi yalitokea wageni wakiwa sebuleni. Na kwa simu hiyo hiyo anafungua benki!

---

Laini_Mbili

Mzee, aifute leo. Kila kinachotoka kwenye simu kinapitia kwa mwenye VPN, na za bure lazima zile mahali.

---

Dereva_Tororo

Mimi VPN ninayo tangu 2018, niliiweka kukwepa ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kuingia mitandaoni. Haijanifanya kitu.

---

Laini_Mbili

Haijakufanya kitu unachokijua.

---

MamaMchele_Busia

Naomba turudi kwa fundi. Kesho napita wapi mimi? Njia ya sokoni ni ile ile moja.

---

Samosa_Moto

Wanaonikera mimi ni wa "nimekutumia hela kwa makosa, nirudishie." Jana wamenipigia mara nne. Ujumbe umetoka kwenye namba ya kawaida kabisa, umeandikwa kama wa kweli. Nikaangalia salio kwanza, hakuna hata shilingi iliyoingia. Nilipomwambia akanitukana mama yangu!

---

BiMkubwa_Malaba

Huyo kanipigia na mimi! Analia eti ni hela za hospitali.

---

Dereva_Tororo

Angalau huyo anapiga simu. Kodi ya serikali ya kutoa hela kwenye simu haipigi, inakata tu.

---

Mzee_wa_Arua

Sasa ni nusu asilimia. 2018 walianza na asilimia nzima, watu wakapiga kelele ndipo ikapunguzwa.

---

Dereva_Tororo

Mzee, nusu ya kwangu ni mafuta ya pikipiki.

---

MamaMchele_Busia

ALITAFSIRI!

---

Laini_Mbili

Mama tumekusikia. Hao wa rolex pale jirani yake, mayai mawili bado 3,000?

---

Samosa_Moto

Bado, ila nyanya hawaweki siku hizi. Nimelalamika wiki nzima.