Chemshabongo ya wikiendi: kona ya chini kushoto imenikaa kooni, msaada wadau

fundi_simu_tabata

Wakuu heshima kwenu. Naombeni msaada ila msinimwagie majibu yote kwa mpigo, wanaocheza hii kitu wananielewa.

Ni ile chemshabongo kubwa ya gazeti la Jumamosi. Hizi za katikati ya wiki huwa namaliza ndani ya daladala kutoka Tabata mpaka Posta foleni ikiwa ya kawaida, lakini hii ya wikiendi sijui mtunzi ni mwingine au ni yuleyule anaamka na hasira. Jana nimeanza saa mbili asubuhi na chai na chapati, saa nne nimeshajaza robo tatu, najiona kipanga. Sa hivi ni Jumapili saa kumi jioni, gazeti limelowa chai upande mmoja, na bado kuna kona nimeikodolea macho mpaka usiku nimeiota. Iko hivi:

14 mlalo: Kinyume cha mali (4)
14 wima: Ikiisha, giza (4)
15 wima: Mshairi wa Mombasa (6)
18 mlalo: Wanaokula chungu kimoja (4)
21 mlalo: Ukitoka nayo hukupata kitu (4)

14 wima nilijaza SIKU fasta, siku ikiisha si giza linaingia. 15 wima nikaweka NASSIR, yule Ahmad Nassir Juma Bhalo, herufi sita kamili hazizidi hazipungui. Hizo mbili zikanipa S na N kwenye 14 mlalo, yaani S_N_, hapo nikapiga kelele nyumba nzima: SINA! Kinyume cha mali si ndo sina? Aisee nilijisikia raha ambayo sijaisikia tangu Desemba. Zote tatu nimeandika kwa peni.

Sasa kimbembe. 15 wima inakatiza kwenye 18 na 21, kwa hiyo 18 inakuwa K_S_ na 21 inaanza na I. Wanaokula chungu kimoja, K_S_? Kisa, kesi, kosa, kusi, kasa. Kasa yuko baharini huko, anakula chungu kimoja na nani? Nimeuliza hii AI ya kwenye simu kinyume cha mali herufi nne, ikanijibu bila aibu "umaskini". Hesabuni wenyewe.

Nimekosea wapi?

peni_nyekundu

Kosa la kwanza peni. Kosa la pili peni.

Karani Mstaafu

Hahaha pole mkuu. Hiyo 18 sikupi ila nakudokeza. Mimi 2022 nilikuwa karani wa sensa, nimezunguka na kishikwambi mpaka viatu vikaisha soli, ile ya watu waliolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti unaikumbuka? Ukigonga mlango kabla hujahesabu mtu yeyote ilibidi kwanza ujue mkuu wa nini ni nani, na kwenye mafunzo tulifundishwa tofauti yake na nyumba, maana nyumba moja unaweza kukuta tatu ndani yake, kila moja na jiko lake na sufuria lake. Wanaopika pamoja na kula pamoja ni moja. Mpaka leo nikisikia hilo neno naota dodoso.

Ukilijaza hiyo S yako ya katikati imekufa, na ikifa yenyewe mshairi wako naye anafungasha.

fundi_simu_tabata

KAYA!!! Daah. Neno nalisikia kila siku kwenye taarifa ya habari.

Lakini mkuu umenibomolea nyumba. Y inaingia herufi ya tatu ya 15 wima, Nassir hana Y. Na bila Nassir ile N imeondoka, na bila N ile SINA yangu imeondoka, na ile ndo niliyoipenda kuliko zote. Nimeanza kukwangua peni kwa wembe, karatasi imetoboka.

Mwl wa Zamu

Fundi usisikitike, kilichokupata kina ladha yake. Jibu moja likiwa bovu unaligundua mapema, ila ukipata matatu mabovu yanayopatana yenyewe kwa yenyewe hapo ndo unalala nayo, kila ukimtilia shaka mmoja wenzake wawili wanamtolea ushahidi. Mimi huwatungia mafumbo haya wanafunzi wangu wa klabu ya Kiswahili, kila mwisho wa mwezi natoa moja nalibandika ukutani, kwa hiyo naongea kama mtu wa upande ule mwingine.

Kwanza ungeshtukia ile R. Maneno yetu karibu yote yanaisha na irabu, ukiona jibu lako limeishia konsonanti jiulize mara mbili, labda iwe jina la mtu au neno la kuazima ambalo halijavaa kanzu. Hilo ndo linalofanya kutunga kwa Kiswahili kuwe raha na karaha, irabu na konsonanti zinapishana kama bao la drafti. Nikiweka neno refu katikati najua kabisa vyumba gani vitakuwa na A, I na U kabla hata sijafikiria maneno ya kukatiza. Rahisi, sio? Subiri ufike kwenye ngeli. Ukiuliza "wanaolima" unaweza kujibiwa MKULIMA na WAKULIMA ndani ya darasa moja, na ugomvi juu. Halafu kuna ng' ya ng'ombe, ile alama ya juu ina chumba chake au haina? Mi nilishaamua haina, na ch nazihesabu herufi mbili, kuna mwanafunzi alinigomea wiki nzima anadai ch ni sauti moja. Kisayansi yuko sahihi ila kwenye fumbo langu mimi ndo serikali.

Hiyo 15 wima fikiria mtu wa zamani zaidi. Zamani sana.

Bandugu Minnesota

Wadau nimecheka peke yangu kazini, niko shifti ya asubuhi kwa wazee. Huku mimi nimenasa kwenye ya gazeti la New York Times, na wao wana utaratibu wa kikatili, Jumatatu unapewa laini halafu kila siku wanakaza mpaka Jumamosi ndo ngumu kuliko zote. Watu wengi wanadhani ya Jumapili ndo mwisho wa dunia, hapana, ya Jumapili ni kubwa tu, vyumba 21 kwa 21 badala ya 15 kwa 15, ila ugumu wake ni wa katikati ya wiki.

Jumamosi ya kwanza niliyojaribu nilijaza maneno mawili kwa saa nzima na moja lilikuwa kosa. Shida sio Kiingereza, shida ni besiboli yao, maseneta wao waliokufa, biskuti zao. Kitu kilichonipa moyo ni wanyama, watunzi wa kule wanapenda maneno mafupi yenye irabu nyingi na herufi za ajabu, basi pofu wetu wanamwita ELAND, nyumbu wa Serengeti ni GNU herufi tatu tu, na OKAPI wa misitu ya Kongo naye hapungui. Wamarekani wanawajua kwa fumbo, mimi nyumbu nimemwona kwa macho akivuka barabara. Siku niliyomaliza ya Jumamosi kwa mara ya kwanza ilinichukua mpaka Jumatatu asubuhi na sikuwa na wa kumwambia, nikamwambia mgonjwa wangu wa miaka 90 akanipigia makofi.

Halafu mnajua gazeti lenyewe lilikuwa linazicheka? Aliyeanzisha chemshabongo ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Desemba 21 mwaka 1913 kwenye gazeti la New York World, na ya kwanza haikuwa mraba, ilikuwa na umbo la almasi. Mpaka miaka ya 1920 nchi nzima imepagawa na New York Times wanaandika kwamba ni kupoteza muda, wakaja kukubali Februari 1942, vita imepamba moto.

mama_wawili_kimara

Kupoteza muda ni kweli lakini. Wangu akishika hilo gazeti Jumamosi hata ukimwambia paa linavuja anakuuliza "herufi ngapi".

Mwl wa Zamu

@mama_wawili_kimara mwache shemeji. Mwaka huohuo wa 1942 gazeti la Daily Telegraph kule London liliwaita watu waje kujaza fumbo mbele ya msimamizi, uwe umemaliza kwa chini ya dakika 12, na baadhi ya waliokuwepo wakaja kupata barua za kuitwa kwenye kazi ya siri, kufungua maandishi ya siri ya Wajerumani kule Bletchley Park. Huwezi jua, labda usalama wanamfuatilia.

mama_wawili_kimara

Waje wamchukue na paa walizibe.

Mzee wa Kibokoni

Asalaam aleikum. Mimi niko Mombasa, mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha haya mazungumzo kwa simu yake, basi nimevaa miwani.

Fundi, mwanangu, huyo Ahmad Nassir ni malenga wetu haswa, hukukosea mtu, umekosea chumba. Lakini mtu akiniuliza mshairi wa Mombasa kwa herufi sita na ya tatu ni Y, mimi sihitaji hata hizo nyingine. Ni MUYAKA. Muyaka bin Haji, wa zama za Wamazrui waliotawala Mombasa, aliyefariki 1840, na yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa kufumba, mashairi yake mengine mpaka leo watu hukaa barazani wakabishana alimlenga nani. Kumtia Muyaka ndani ya fumbo ni adabu nzuri, huyo mtunzi amesoma.

Sasa hiyo mlalo 14 ndiyo iliyonifanya niandike. Nyinyi vijana mwasoma "kinyume" mwadhani ni kinyume cha maana, kama refu na fupi. Sisi tulipokuwa watoto Mji wa Kale kinyume ilikuwa ni lugha. Silabi ya mwisho waitoa nyuma waitia mbele, basi. Tulisema mbele ya wakubwa wasijue twapanga nini, nao wakituacha tu, kumbe wao waliisema kabla yetu. Hata yule Askofu Steere wa Unguja aliiandika kitabuni mwake karne ya 19, si kitu cha leo. Tega ni gate. Mate ni tema, hiyo tulikuwa tukiipenda kwa ujinga wa kitoto.

Haya, mali. Ma na li. Geuza.

Ila sasa yawa LIMA, na hiyo wima 14 yaanza na L, ya tatu ni K kwa sababu ya KAYA. L_K_. Ikiisha, giza. Hapo mimi nimekwama, na mjukuu pia amekwama. Sisi huku hatuna neno kama hilo.

Karani Mstaafu

Mzee shikamoo. Hapo umemaliza kazi. Na hiyo L_K_ msimwambie! Fundi aipate mwenyewe, yuko nayo nyumbani kwake.

peni_nyekundu

Iko ukutani.

Bandugu Minnesota

Mimi nimeondoka Bongo 2011 na nimeipata kwa sekunde mbili. Nimesikia mpaka ule mlio wake saa sita usiku.

fundi_simu_tabata

Mzee wangu shikamoo sana. Nimesoma meseji yako nimesimama. LIMA! Ukilima ukigeuza unapata mali, yaani hata maana yenyewe imelala humohumo, na mimi nilikuwa nimekaa na SINA yangu najipongeza.

Sasa L_K_. Nilianza na LAKI. Laki ikiisha ni giza kweli, nikataka kuandika. Kumbe sijasoma vizuri, mnasema ukutani. Nikanyanyua macho na hapo juu ya mlango iko, ina taa nyekundu inanikonyeza.

LUKU.

Jamani. LUKU! Na wiki iliyopita tu tumelala giza kwa sababu yake. Ile SIKU ilikuwa na KU yote mwishoni, herufi mbili za mwisho zilikuwa sahihi kabisa, ndo maana nilikuwa siwezi kuiachia. Mzee huko kwenu najua mnanunua tokeni za stima, huku hata bibi kijijini anasema luku, neno lenyewe ni kifupi cha Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, watu wengi hata hawajui kama ni kifupi.

Na Muyaka akiingia, herufi yake ya tano inanipa K mwanzoni mwa 21. Ukitoka nayo hukupata kitu, K___. Hiyo sihitaji msaada wa mtu, ni KAPA, nimetoka kapa mara ngapi maisha haya. Imeisha! Saa mbili na robo usiku, siku mbili kasoro, na tundu moja la wembe kwenye gazeti.

Ila bado nalalamika, hiyo "kinyume cha mali" ni uonevu. Mtu wa Bariadi huko bara ambaye hajawahi kuiona hiyo lugha ya watoto wa pwani ataipataje?

Mwl wa Zamu

Hapo nakuunga mkono nusu. Waingereza wenye mafumbo yao magumu wana sheria, dokezo lazima libebe mambo mawili, maana ya neno upande mmoja na mchezo wa herufi upande mwingine, ukikosa mlango mmoja unaingilia wa pili. Huyu kakupa mlango mmoja na kaufunga. Angeandika "Tumia jembe, kinyume cha mali" hakuna angelia. Lakini pia isingekuwa ya Jumamosi.

Mzee wa Kibokoni

Na wa Bariadi ana kaya. Sisi tuna Muyaka. Nyinyi mna luku. Mtunzi amegawa.

peni_nyekundu

Fundi. Rudi 21 mlalo.

fundi_simu_tabata

Kapa? Nini tena, si imekubali?

peni_nyekundu

Imekubali. Igeuze kama mzee alivyosema.

fundi_simu_tabata

Ka. Pa.

Paka.

Huyu mtunzi ana roho mbaya sana, kuna kapicha ka paka kamechorwa pembeni ya vyumba kabisa, tangu jana najua ni pambo. Jumamosi nanunua tena. Na penseli.