Magari ya zamani: ulifanya nini gari likatulia barabarani bila kufilisika? Tupeane uzoefu

Mzee wa Dizeli

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa sisi wenye magari yaliyotuzidi umri, au yanayokaribia kutuzidi. Tuzungumzie gari kutulia tu. Habari za mbio, rangi na redio zina nyuzi zake. Namaanisha ukishika usukani liende unakolielekeza, ukikata kona lisikutoe jasho, na yote hayo bila kuuza shamba. Kila mtu aseme alichofanya mwenyewe, kilichosaidia na kilichomla hela bure.

Naanza mimi, tena kwa aibu. Nina Mercedes W123, zile zilizotengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 80. Ilikuwa inatangatanga kama mbuzi aliyekata kamba. Barabara imenyooka, lakini mikono yangu haipumziki, narudisha kushoto, narudisha kulia. Nikasikiliza maneno ya watu, nikanunua shokapu za kimichezo na springi fupi. Gari likawa gumu, likaendelea kutangatanga vilevile, ila sasa linatangatanga huku linanipiga mgongo.

Miezi 4 baadaye fundi mmoja mtu mzima akaniambia nikae kwenye usukani niutikise kidogo kidogo, kushoto na kulia, yeye akalala uvunguni. Halafu akaniita tubadilishane nikaone mwenyewe. Kuna kile kimkono kilicho mkabala na stelingi boksi (boksi la gia za usukani), kinachoshikilia upande wa pili wa fito za usukani. Kilikuwa kinapanda na kushuka kwanza, ndipo tairi linasogea. Bushi zake, yaani zile raba za kwenye maungio, zilikuwa zimeisha kabisa, alipozing'oa raba ikamwagika kama makombo. Seti nzima ya bushi na boliti inaenea kwenye kiganja cha mkono. Kazi ilichukua asubuhi moja, na narudi nyumbani nikaona kama nimeazimwa gari la mtu.

Zile springi fupi ziko stoo. Anayezitaka asinieleze anazitakia nini.

Binti Grisi

Shikamoo mzee, na pole. Yangu fupi: matairi.

Nilirithi Peugeot 504 ya baba. Haikuwa ikitoka sana, kwa hiyo matairi yalikuwa na meno kama mapya. Kwenye mvua sasa, ilikuwa kama naendesha juu ya sabuni. Nikalaumu breki, nikalaumu shokapu. Siku moja nikaamua kutafuta zile namba 4 za mwisho kwenye mstari wa herufi DOT ubavuni mwa tairi, zinazosema lilitengenezwa lini. Upande wa nje hamna, ikabidi niingie uvunguni na tochi. Nikakuta 1107, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2007. Nikabonyeza raba kwa ukucha, haikuacha hata alama. Mbao tupu!

Nilinunua matairi 4 ya saizi ileile ya kiwandani. Muuzaji alinishawishi sana nichukue mapana zaidi, eti ndiyo yanashika. Yangu haina pawa kwenye usukani, ningekuwa napaki kwa mabega. Nilikataa na sijajuta.

Spana Kumi na Tatu

Nakiri hadharani: nilikata springi kwa grainda. Koili moja na nusu kila upande, mbele na nyuma. Kwenye picha gari lilikuwa zuri ajabu.

Sasa ingia nalo kwenye kona yenye shimo. Springi inaisha safari, gari linakaa kwenye zile raba za kuzuia, na hapohapo upande ule unakuwa kama hauna springi kabisa, tairi linaruka na mkia unasogea. Mara ya kwanza nilidhani nimepata pancha. Nilipopiga jeki nikague, springi ya nyuma ikadondoka yenyewe, maana ilikuwa fupi kiasi kwamba hakuna kinachoikandamiza tairi likining'inia. Nikaiokota, nikakaa chini nikaitazama. Wiki hiyohiyo nikatafuta springi za kawaida kwenye gari bovu la aina ileile.

Mzee wa Dizeli

Mkuu, shukuru haikudondoka ukiwa safarini.

Fundi wa Uani

Naona wengi mnataja bushi, ngoja niseme kitu ambacho hata mafundi wenzangu hukiruka kwa sababu ya haraka. Bushi nyingi za raba kwenye mikono ya chini (ile inayoshikilia tairi na kupanda na kushuka nalo) zina bomba la chuma katikati. Ukishakaza boliti, lile bomba haligeuki tena. Mkono unapopanda na kushuka, raba ndiyo inayojinyonga. Sasa fundi anakaza boliti gari likiwa juu ya jeki, mkono umening'inia. Likishushwa, raba inabaki imejinyonga usiku na mchana hata gari likiwa limepaki. Ndiyo mnaona bushi mpya imechanika ndani ya miezi michache, mnalaumu waliotengeneza.

Utaratibu ni huu: ingiza boliti zote, zikamate kwa mkono tu, shusha gari likae kwenye matairi yake, lisukume mbele na nyuma kidogo, lidundishe, ndipo ukaze. Kama hufiki chini, weka jeki chini ya mkono uunyanyue hadi usawa wake wa kawaida. Hakuna unachonunua hapo.

Zile bushi ngumu za poliyurethini sizikatai, lakini zinataka grisi yake ya silikoni, la sivyo zitalia kama kitanda cha chuma. Na pale ambapo mkono unatakiwa kujipinda pande zote, mimi naacha raba.

Mama Beetle

Habari zenu wote. Mimi yangu ilikuwa upepo, na haikunigharimu kitu.

VW Beetle yangu ni ya ekseli ya nyuma inayobembea, zile za kabla hawajaweka jointi mbili kila upande (Marekani jointi hizo walizipata kuanzia modeli ya 1969). Injini iko nyuma, uzito uko nyuma. Siku moja kijana wa upepo akanijazia matairi yote sawasawa, 30 kote, na mimi nikamwambia asante. Jioni mvua ikanyesha. Kona niliyoizoea miaka yote, nikaona nimeingia kasi, nikaachia mafuta ghafla. Mkia ukataka kunipita. Ukiachia mafuta katikati ya kona, nyuma inanyanyuka, tairi la nje linakunja mguu chini ya gari, na pale halishiki tena. Nilisimama nimeangalia nilikotoka.

Tangu hapo kipimo cha upepo ni changu mwenyewe, nakaa nacho garini. Naweka 18 mbele na 27 nyuma, asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Watu wakiona 18 wananiambia tairi limeisha upepo, nawaacha waseme. Na mafuta siachii kwenye kona. Napunguza kabla.

Kamba na Futi

Baada ya kubadilisha tairodi (fito za usukani zinazogeuza matairi) nilikuwa sina hela ya kupeleka gari kwenye mashine ya kunyoosha matairi, nikafunga kamba. Stendi mbili mbele, mbili nyuma, kamba imepita kila upande wa gari usawa wa katikati ya rimu. Unazisogeza hadi ziwe sambamba na gari. Halafu unapima kwa rula kutoka kwenye kamba hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya tairi lilelile. Chini ya matairi niliweka vigae viwili viwili vyenye grisi katikati ili yageuke bila kukwama. Nikaona upande mmoja umetazama nje kwa milimita 5! Ndiyo maana lilikuwa linakula tairi. Nilirudia vipimo mara 6 kwa sababu kila nikiegemea gari kamba inahama.

Fundi wa Uani

Umefanya vizuri kaka, ila kamba yako inapima tairi limetazama wapi tu. Limelala kiasi gani na kasta (mhimili wa kugeuzia tairi umeegemea mbele au nyuma kiasi gani) ikoje, hapo utahitaji vifaa vingine. Hela ikipatikana lipeleke.

Kamba na Futi

Sawa fundi. Nalo stelingi boksi lina mchezo katikati. Nikaze ile skrubu ya juu?

Fundi wa Uani

Tairodi zote na kile kimkono cha Mzee wa Dizeli zikiwa nzima, ndiyo. Nyanyua mbele, legeza nati, kaza robo mzunguko, basi. Gia za ndani huisha zaidi katikati. Ukikaza hadi mchezo wote wa katikati uishe, ukikata kona usukani utakuwa mgumu na hautarudi wenyewe.

Spana Kumi na Tatu

Jamani, maneno ya Binti Grisi yamenifanya nishuke na tochi usiku huu. Manne ya chini yako salama. La akiba nimekuta namba 3 tu mwishoni, siyo 4. Imefutika moja au?

Binti Grisi

Haijafutika, mkuu. Namba 3 ni matairi ya kabla ya mwaka 2000. Litoe kwenye buti.