Tupeane uzoefu: mchezo gani ulimfundisha mwanao (au wewe mwenyewe) kujinasua?

Baba Kulwa: Wakuu, habari za jioni. Leo dogo wangu wa miaka saba kakaa barazani saa nzima na gari lake la waya. Matairi ya mbele hayakati kona. Kaanza kulia, nami nikanyanyuka na koleo nikamtengenezee, mama yake akanivuta shati: "Kaa." Nikakaa roho inaniuma. Mwishowe akagundua mwenyewe kwamba waya wa usukani kaukaza mno pale unapozunguka ekseli. Kaulegeza, gari likapinda, kapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Nikakumbuka enzi zetu za kukata ndala za watu tupate matairi, hakuna mzazi aliyetuonyesha. Ninyi je?

Fundi Makopo: Ndala za watu hahaha. Mimi nilikata ya mjomba aliyekuja likizo, ya kulia tu. Fimbo zake sijazisahau mpaka leo.

Mzee wa Kete: Mfundisheni bao. Mashimo 32, kete 64. Mtoto akishaanza kupima kete ya mwisho itaangukia wapi kabla hajazishika, hata hesabu za shule zinamnyookea. Wangu nilimwanzisha na miaka sita, tumechimba mashimo uani, kete zetu komwe. Kila mtu anaanza na kete 20 mkononi, mnanamua, yaani mnaziingiza ubaoni moja moja.

Kijana wa Pangani: Mzee, 20 za wapi? Mkononi 22, ubaoni 10, na sita kati ya hizo ziko kwenye shimo linaloitwa nyumba.

Mzee wa Kete: Nimecheza bao kabla hujazaliwa.

Kijana wa Pangani: Shikamoo. Sasa gawa 64 kwa mbili, utoe 10.

Mzee wa Kete: Marahaba. Kidole kiliteleza.

Mama Wawili: Mada hii imenitonesha. Mwaka juzi, nyumba ya kupanga, nilikuwa na maharage kwenye jiko la gesi. Mvua ikaanza, nikatoka kuanua nguo. Mdogo, ana miaka miwili, akasukuma mlango na kubana lile komeo la chini lenye kutu. Dada yake wa miaka mitano yuko ndani naye. Madirisha yana nondo, jiko linawaka.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Vuta! Sukuma! Inua! Zima gesi! Hapana, usiguse! Mtoto analia, mimi nalia. Akaja babu wa chumba cha pili akaniambia, "Mama, nyamaza kwanza. Anakusikiliza wewe, hausikilizi mlango." Nilitamani nimpige. Nikanyamaza.

Kimya. Nikasikia beseni linaburutwa. Kumbe kamkalisha mdogo wake kwenye beseni, kama wanavyocheza gari la abiria, kamwambia "usishuke, hatujafika", na yule mtundu akatulia kweli! Kisha kimya tena, kirefu, mvua inaninyeshea. Halafu tii, tii, tii kwenye mlango. Kalipaka komeo mafuta ya mgando na analigonga na mpini wa mwiko. Kufungua vile nilimkuta mikono inang'aa mafuta mpaka viwikoni. Nikamuuliza nani kakufundisha, akasema kopo la kupikapika likigoma kifuniko huwa wanafanya hivyo. Vile vikopo vichafu nilivyokuwa natupa kila Jumamosi!

Binti Rede: Nimesoma nimeshika kifua.

Mnyoofu: Samahani, lakini nani anaacha jiko linawaka na watoto ndani? Huo si uzoefu, huo ni uzembe.

Mama Wawili: Hatua kumi kaka. Wewe nguo zako nani anakuanulia?

Fundi Makopo: Hapo kapatikana.

Mnyoofu: Nimesema kweli tu. Gesi haina mchezo.

Binti Rede: Kweli unayo, lugha ndiyo huna. Turudi kwenye mada. Rede wanaidharau eti ya wasichana. Jaza chupa mchanga huku wawili wanakutungua na mpira, uone kama hujatumia kila tone la akili uliyonayo.

Mpangaji: Mimi ningesema mnunulie zile tofali za plastiki za kupachika, anajenga na kubomoa.

Fundi Makopo: Bei yake mzee! Vizibo vya soda vinatosha.

Mnyoofu: Mnyang'anyeni simu, basi, mengine yatakuja yenyewe.

Mpangaji: Wangu kwenye hiyohiyo simu anapanga vipande kuliko mimi. Ila nikimpa chandarua afunge, ananitazama.

Kijana wa Pangani: Baba Kulwa, ushauri wangu uifiche hiyo koleo. Tena mfundishe mkeo akuvute shati kila siku.

Baba Kulwa: Koleo kaichukua dogo mwenyewe, anataka kuweka breki. Na ndala yangu moja siioni.

Mzee wa Kete: Mama Wawili, yale maharage yaliungua?

Mama Wawili: Yaliungua, tukala hivyohivyo. Komeo niling'oa siku ileile. Yule wa beseni sasa ana miaka minne, na juzi nimemkuta anapaka mafuta kitasa cha kabati ninakoficha biskuti.