Unyapara na huruma vinakaa pamoja?

Habari zenu wakuu. Nimepewa unyapara wa wachumaji chai huku Mufindi. Mama mmoja ana mtoto mgonjwa, na Julai hii baridi kali. Kikapu chake kinajaa majani magumu badala ya majani mawili na chipukizi. Nikimkemea roho inaniuma, nikinyamaza wenzake wananung'unika. Nijifanye mkali?

Mchumaji wa Tukuyu: Usijigeuze dada, watakujua tu. Mwite pembeni kabla ya mizani. Mwambie wazi majani hayo hayafai, kisha muulize mtoto anaendeleaje. Umsikilize kweli.

Mzee wa Njombe: Naam. Wenzake nao waelezwe, ila mwenyewe aridhie kwanza. Mpangie mistari ya karibu na njia, binti yangu, awahi nyumbani.

Muulizaji: Asante baba. Mistari hiyo ipo, kesho nampangia.