Tupeane uzoefu: ibada ya nyumbani na somo la uraia kwa tunaosomesha watoto wenyewe hapa Marekani

Mwalimu wa Sebuleni

Bwana asifiwe wapendwa. Uzi huu ni wa familia za Kikristo zinazozungumza Kiswahili, zinaishi Marekani na zinasomesha watoto nyumbani. Naomba tuandike kinachofanyika na kinachoharibika: dakika ngapi, karatasi gani, tarehe ipi. Shuhuda zina uzi wake.

Naanza na ibada ya asubuhi. Ikizidi dakika 25 inaanza kula muda wa hesabu, na ikishaanza kula hesabu mtaiacha kabla ya Oktoba. Mgawanyo unaodumu ni huu: wimbo dakika 3, kusoma 7, mtoto kusimulia alichosikia 5, mstari wa kukariri 3, maombi 5. Mdogo wa chini ya miaka 6 mpe wimbo na kisa tu, dakika 10, na umwache achore huku anasikiliza.

Agano Jipya lina sura 260. Sura moja kwa siku, siku 5 za wiki, linakwisha kwa wiki 52 bila kubaki hata sura. Tatizo ni kwamba sura hazilingani. Luka 1 ina mistari 80, Mathayo 26 ina 75. Hizo zigawe siku mbili. Siku mlizopoteza mtazirudisha kwenye Filemoni, Yuda, na Yohana wa pili na wa tatu, ambazo mnaweza kusoma mbili kwa mkao mmoja.

Kosa linaloua ibada kuliko yote ni baba kugeuza dakika 7 za kusoma kuwa mahubiri ya 30. La pili ni kumkaripia mtoto ndani ya maombi: "Ee Bwana, msaidie huyu aache uvivu." Mtoto anajua anasemwa, na kesho hafumbi macho. Adabu iwe na wakati wake, baada ya amina.

Mkivu

Asante Mwalimu. Naongeza upande wa lugha, maana wengi wetu tunatoka Kongo na watoto wanasoma Kiingereza haraka kuliko Kiswahili.

Jumatatu na Jumatano ibada iwe Kiswahili kitupu, siku nyingine Kiingereza. Mkichanganya lugha mbili ndani ya ibada moja, mtoto anangoja ile rahisi na hasikilizi nyingine. Kusoma ni kwa kupokezana: mzazi anasoma mstari, mtoto anaurudia huku anafuata kwa kidole. Baada ya wiki sita hivi abadilishe, yeye aanze, mzazi afuate. Kunakili ni mistari miwili tu kwa siku, kwa kalamu. Hapo ndipo utaona kama anatofautisha ng na ng', dh na th, kh na h. Asiposahihishwa sasa ataandika "ngombe" mpaka azeeke.

Kuna jambo la Biblia na Kiswahili cha nyumbani. Kwetu tunasema "batu banaenda", Biblia inasema "watu wanaenda". Usimwambie mtoto kwamba bibi yake anakosea. Chora safu mbili ubaoni, ya nyumbani na ya kitabuni, ajaze mwenyewe. Hilo ni somo la sarufi zuri kuliko kurasa nyingi za kitabu cha kununua. Maneno kama "akanena" na "enendeni" yawe na daftari lake, matano kwa wiki yanatosha.

Msimamizi wa Mafaili

Ndugu zangu, ibada ni nzuri, lakini barua ya utoro ikifika mlangoni hamtaijibu kwa zaburi. Kila jimbo lina sheria yake. Usifuate ushauri wa binamu anayekaa jimbo lingine.

Texas ndiyo nyepesi. Tangu hukumu ya kesi ya Leeper ya 1994 katika Mahakama Kuu ya Texas, shule ya nyumbani inahesabiwa kama shule binafsi. Masomo yanayotakiwa ni matano: kusoma, tahajia, sarufi, hesabu, na uraia mwema. Ndiyo, uraia mwema uko ndani ya sheria, kwa hiyo hata Texas somo hili si la hiari. Mtoto akiwa alikuwa shule ya serikali, tuma kwanza barua ya kumtoa, yenye jina lake, tarehe ya kuanza nyumbani na sahihi yako, ubaki na risiti ya posta. Wanaopata shida ni wale waliomtoa mtoto kimyakimya.

Georgia unapeleka tamko la nia ndani ya siku 30 za kuanza, kisha kila mwaka kufikia 1 Septemba. Siku 180, saa 4 na nusu kwa siku. Mzazi awe na cheti cha sekondari au GED, yaani mtihani unaohesabiwa sawa na cheti hicho. Kila mwaka unaandika ripoti ya maendeleo na kuihifadhi miaka mitatu. Mtihani wa upimaji ni kila baada ya miaka mitatu, kuanzia mwisho wa darasa la 3, na matokeo yanabaki kwako.

Pennsylvania ndiyo yenye makaratasi. Hati ya kiapo kwa mkuu wa elimu wa wilaya kabla hujaanza, halafu kila mwaka kufikia 1 Agosti. Siku 180, au saa 900 kwa msingi na 990 kwa sekondari. Mitihani darasa la 3, la 5 na la 8, na asisimamie mzazi. Mwisho wa mwaka mtathmini anaongea na mtoto na kupitia jalada lake, na cheti chake kinafika wilayani kufikia 30 Juni. Jalada linataka orodha ya vitabu inayoandikwa siku kwa siku. Watu wanakaa Mei nzima wakijaza orodha ya mwaka kwa kumbukumbu, na inaonekana wazi: wino mmoja, mwandiko mmoja.

Sasa swali linalorudi kila mara: je, saa za ibada ni saa za shule? Usomaji wa Biblia uandike kwenye orodha ya kusoma, kunakili uandike kwenye lugha, mazoezi ya kwaya kwenye muziki. Mahubiri ya Jumapili na mkesha wa Ijumaa usiyahesabu. Na Biblia haiwezi kusimama mahali pa sayansi wala usalama wa moto, ambao Pennsylvania unatajwa kwa jina. Mkesha wenyewe, ukilazimika kwenda na watoto, Jumamosi isiwe siku ya masomo ya kufidia. Mtoto aliyelala kwenye viti vya kanisa hajifunzi hesabu za sehemu asubuhi yake.

Virginia tahadhari moja. Kuna njia mbili: taarifa ya kawaida ya kufundisha nyumbani, kufikia 15 Agosti kila mwaka, na msamaha wa kidini wa sharti la kwenda shule, unaotolewa na bodi ya shule. Msamaha ni kwa wenye imani ya kweli inayopinga mtoto kwenda shule, mzazi pamoja na mtoto mwenyewe. Familia inayopenda tu Biblia iwe kwenye ratiba haihitaji njia hiyo. Pelekeni taarifa ya kawaida, yatosha.

Mama wa Orodha

Hapo kwenye uraia mwema ndipo ibada na serikali vinakutana. 1 Timotheo 2 inatutaka kuwaombea wenye mamlaka, na Yeremia 29:7 kuuombea mji tuliopelekwa. Basi tuombe kwa majina na vyeo. Jumatatu meya, Jumanne diwani wa mtaa wetu, Jumatano wakubwa wa kaunti, Alhamisi gavana na wabunge wa jimbo, Ijumaa rais, maseneta wawili na mbunge wetu wa Washington, pamoja na nchi tuliyotoka. Kadi tano ukutani, jina kwa herufi kubwa. Baada ya kila uchaguzi mtoto ndiye anayebadilisha kadi. Kufikia Desemba atajua nani anashughulika na taka, nani na barabara kuu, nani na pasipoti.

Wazazi ndio wanaopotosha hapa, kwa sababu ya tafsiri. Mtanzania akisikia "jimbo" anafikiria eneo la mbunge mmoja. Hapa ni Texas nzima. Mkenya akisikia "gavana" anafikiria kaunti. Hapa gavana ni wa jimbo zima, na kaunti ni ngazi ya chini yake. Anayemfananisha gavana na mkuu wa mkoa akumbuke kwamba mkuu wa mkoa huteuliwa, gavana huchaguliwa. Na Texas "county judge" ni mwenyekiti wa kaunti anayekaa na makamishna wanne kupanga bajeti na barabara. Ukimfasiri "hakimu" na kuishia hapo, mtoto ataandika insha nzima ya uongo.

Kisha mpeleke kikaoni. Ajenda ya baraza la jiji hutangazwa kabla. Ichapisheni, mtoto achague kipengele kimoja tu, kama taa za barabarani au saa za maktaba, na achore mstari chini ya maneno asiyoyajua. Anayetaka kusema hujaza kadi mlangoni. Mara nyingi unapewa dakika 3, ambazo ni kama maneno 350 yakisomwa polepole. Chini ya miaka 10 saa moja ya kikao inatosha, mwondoke kabla hajachukia serikali.

Barua kwa mbunge: jambo moja, ukurasa mmoja, anwani yenye msimbo wa posta, maana ofisi inaangalia kwanza kama unakaa eneo lao. Bunge la Texas hukutana Januari ya mwaka usiogawanyika kwa mbili, siku 140 tu. Barua ya Agosti haikuti kikao. Na isiandikwe kwenye karatasi yenye nembo ya kanisa. Tangu 1954 sheria ya kodi inakataza makanisa yenye msamaha wa kodi kuingia kwenye kampeni za wagombea. Barua kuhusu taa za barabarani haina kosa, lakini zoea la kutenganisha kalamu ya familia na muhuri wa kanisa mlijenge mapema.

Karani Msaidizi

Naomba nisimame kwenye jambo moja kwa sababu linaharibu maisha.

Watoto wetu wengi wana grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Mwenye grinikadi hapigi kura na hajiandikishi kupiga kura, hata kwa bahati mbaya. Fomu ya leseni ya udereva ina swali la kujiandikisha, na kijana wa 17 anayetaka gari anatia alama "ndiyo" kila mahali. Texas mtu anaruhusiwa kujiandikisha tangu miaka 17 na miezi 10, majimbo mengine tangu 16. Akitia alama kwamba ni raia na si raia, hilo ni dai la uongo la uraia; linaweza kumfukuzisha nchini, na fomu ya kuomba uraia inauliza wazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Kwa hiyo somo la uraia la mtoto wa miaka 15 lianze na nakala tupu ya fomu ya leseni. Aisome mezani, swali kwa swali, aseme kwa mdomo wake kila jibu na kwa nini.

Ukarani wa uchaguzi ni hivyo hivyo. Texas mwanafunzi wa miaka 16 anaweza kuhudumu kituoni, na sheria inawataja wanaosoma nyumbani. Mzazi anayesimamia masomo ndiye anayetoa idhini badala ya mkuu wa shule. Lakini lazima awe raia wa Marekani. Kama kikundi chenu cha ushirika kina watoto mchanganyiko, msiwapange wote kwa pamoja bila kuuliza karatasi za kila mmoja, na msiulize mbele ya watu.

Asiye raia bado ana mengi: kikao cha baraza, barua kwa mbunge, kupanga chakula kwenye benki ya chakula (kila moja ina umri wake wa chini, pigeni simu kwanza), kukalimani kwa wazee kanisani. Vilabu vya 4-H, vya vijana kujifunza kwa vitendo, navyo viko wazi.

Mjukuu wa Bibi

Kaka Karani, umetaja fomu ya kuomba uraia. Wazazi wakiomba na kufanya mtihani wa uraia, watoto hufanya mtihani pia?

Karani Msaidizi

Hapana. Mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye grinikadi, anayeishi na kulelewa na mzazi aliyeapishwa kuwa raia, anakuwa raia papo hapo kwa sheria ya mwaka 2000. Mtaomba pasipoti yake kama ushahidi. Mzazi akiapishwa siku moja baada ya mtoto kutimiza 18, mtoto ameachwa nje na ataomba mwenyewe. Hesabuni tarehe nyuma, si mbele.

Anayefanya mtihani ni mzazi, na babu na bibi. Walioomba kuanzia 20 Oktoba 2025 wana orodha ya maswali 128. Wanaulizwa hadi 20 na wanahitaji 12. Walioomba kabla wana ile ya 100, wanaulizwa 10, wanahitaji 6. Mwenye miaka 50 na grinikadi ya miaka 20, au 55 na ya miaka 15, anafanya kwa lugha yake akiwa na mkalimani. Aliyefika 65 na ana grinikadi ya miaka 20 anasoma orodha fupi ya maswali 20, anaulizwa 10, anahitaji 6, naye kwa lugha yake.

Mpe mjukuu wa miaka 12 kazi ya kumfundisha bibi kwa Kiswahili, maswali manne kwa siku baada ya ibada. Aandike kadi, swali mbele, jibu nyuma. Majibu yanayobadilika, kama jina la mbunge wenu, yaandikwe kwa penseli. Na amuulize bibi kwa heshima, asimkatize. Bibi akisema "subiri mwanangu, ninalo", asubiri.

Mjukuu wa Bibi

Asante sana. Kadi nazianza leo, penseli nimeshachonga.